Waraka kwa Waziri: Wenye Eneo Wako Ukurasa wa Ngapi?

Ndugu wanazuoni,

Nina jambo linanikera, naomba niliweke mbele yenu.

Mpwa wangu ni ofisa katika wizara moja huko nyumbani Tanzania (naomba nisiitaje). Mwezi uliopita alinitumia rasimu ya waraka unaoandaliwa kwa ajili ya waziri wake, akaandika: "Mjomba, hebu nisaidie Kiswahili na mpangilio." Rasimu ina kurasa 41. Inahusu kufungua mashamba makubwa katika eneo kame. Nimeisoma mara mbili. Kiswahili chake ni safi kuliko cha wengi wetu tuliokaa huku miaka ishirini na zaidi. Mpangilio nao ni ule tunaoujua: utangulizi, hali ilivyo, mapendekezo, gharama. Lakini nilipomaliza nikajiuliza: hivi wenye eneo lenyewe wako ukurasa wa ngapi? Nikarudi nyuma kuwatafuta. Hawamo.

Tukizungumzia kuinua ubora wa ushauri unaoandikiwa mawaziri, mara nyingi tunazungumzia ufupi, lugha nyepesi na majedwali. Hayo ni mazuri. Lakini historia yetu inaonyesha kwamba nyaraka zilizotugharimu zaidi hazikuwa zimeandikwa vibaya. Ziliandikwa vizuri mno.

Chukueni Mpango wa Karanga. Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company, kampuni tanzu ya Unilever, alipeleka wazo London kwamba karanga zilimwe kwa mitambo Tanganyika. Angalieni hapo: mleta wazo ni mnunuzi wa mafuta, na kampuni yake ndiyo iliyokuja kupewa kazi ya kuanzisha mradi kama wakala wa serikali. Ukatumwa ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield. Huyu hakuwa mbumbumbu, alikuwa amewahi kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika. Wakazunguka kwa wiki tisa hivi, maeneo mengine wakiyatazama kutoka kwenye ndege, wakarudi na ripoti.

Ripoti ile ukiisoma leo unaweza kuipenda. Ina hesabu za kila kitu: mashamba 107, kila moja ekari 30,000, jumla ekari milioni 3.21 katika Tanganyika, Rhodesia ya Kaskazini na Kenya. Gharama kama pauni milioni 24 kwa miaka sita. Faida imepigiwa hesabu, matrekta yamehesabiwa. Kabla ya mwaka 1946 kwisha baraza la mawaziri lilikuwa limeshakubali, na Februari 1947 waraka ukachapishwa rasmi. John Strachey, Waziri wa Chakula, akausimamia kwa moyo wote. Shamba la majaribio halikuwapo. Watu wa Uingereza wanataka mafuta, hakuna muda.

Yaliyofuata mnayajua. Mwaka 1947 lengo lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa ni kama 7,500. Vichaka vya Kongwa vilivunja mitambo. Udongo wake, ambao wakati wa mvua hulimika, kiangazi hukauka ukawa kama saruji, na karanga hukaa chini ya ardhi, kwa hiyo hata iliyozaa haikung'oleka. Mvua nazo zikakataa. Januari 1951 mpango ukafutwa, na pauni kama milioni 36 zikafutwa pamoja nao. Kusini ikabaki bandari ya Mtwara na reli ya Nachingwea, ambayo nayo ilikuja kung'olewa miaka ya 1960.

Mwaka juzi nilikuwa Buffalo kwenye msiba. Nikakaa na mzee mmoja Mgogo aliyeletwa na wanawe. Baba yake alifanya kibarua Kongwa, na yeye mwenyewe akiwa mtoto aliyaona matrekta. Nikamuuliza kama wazee wao walijua kuwa karanga hazitafaa. Akacheka. "Mwanangu, si kwamba karanga hazioti. Mama zetu walipanda, kidogo, huku na huku. Lakini mtu wa Ugogo haweki chakula chake chote mahali pamoja. Tulilima uwele na mtama, na tukafuga ng'ombe, kwa sababu mvua si ya kuaminika. Hata mtoto analijua hilo."

Ugogo njaa zina majina. Ile ya 1917 hadi 1920 iliitwa Mtunya, na miaka ya 1940 walikuwapo maelfu ya watu walioiona kwa macho yao. Yaani takwimu za mvua alizozikosa Wakefield zilikuwa zimehifadhiwa katika majina ya njaa, katika aina ya mbegu, katika idadi ya ng'ombe. Hakuna aliyetumwa kuzichukua. Na hata kama angetumwa mtu, zingeingia safu gani ya jedwali?

Msiniambie huo ni ukoloni, basi yamekwisha. Twende Kenya huru, mwaka 1965. Serikali ilitoa Waraka wa Bunge Namba 10, kuhusu ujamaa wa Kiafrika na upangaji wa maendeleo. Uliandaliwa katika wizara ya Tom Mboya, mmoja wa watu wenye akili kali kabisa tuliowahi kuwa nao. Aya ya 133 inasema, kwa maneno yangu, kwamba ili uchumi ukue haraka fedha ziwekezwe pale zitakapozaa zaidi: penye ardhi nzuri na mvua, barabara na umeme, na watu walio tayari kupokea maendeleo. Penye matunda mengi ndipo patakapopatikana ziada ya kuwasaidia wengine baadaye.

Kwa mchumi hoja hiyo imenyooka. Lakini hapa Columbus, mji wenye mojawapo ya jamii kubwa za Wasomali Marekani, nina jirani aliyezaliwa Garissa. Nilipomtajia aya ya 133 aliimalizia mwenyewe kwa kichwa, kama mtu anavyosoma sura. Maana waraka ule ulipotoka, Kaskazini Mashariki ilikuwa chini ya sheria ya hali ya hatari, vita vya Shifta vikiendelea. Nani angeenda Garissa mwaka 1965 kuwauliza watu kama wako "tayari kupokea"? Neno "baadaye" halikuwekewa mwaka, na lisilo na mwaka halidaiwi. Ilibidi Katiba ya 2010, kifungu cha 204, ianzishe Mfuko wa Usawazishaji wa nusu asilimia ya mapato ya taifa kwa miaka ishirini ili maeneo yaliyoachwa nyuma yapate maji, barabara, afya na umeme. Aya moja mwaka 1965, kifungu cha katiba miaka 45 baadaye.

Waraka ule ulikuwa na mkosoaji wake. Julai 1965 Barack Obama, baba wa rais, aliuchambua katika jarida la East Africa Journal, akauliza hasa maswali ya nani anamiliki uchumi huo. Uchambuzi ulikuja waraka ukiwa umeshachapishwa, na mwandishi alikuwa nje ya mlango. Hapo pana somo kwetu pia.

Nisije nikaonekana nalaumu tu. Upo mfano wa kuuliza kwanza, tena Tanzania. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mwaka 2007, kabla ya serikali kuamua hatima yao, kaya zilihesabiwa na kuulizwa: mnataka kurudi Burundi au kubaki? Kama asilimia 80 walisema kubaki, kama 20 kurudi. Uamuzi ukajengwa juu ya jibu hilo. Waliotaka kurudi wakasaidiwa, na zaidi ya watu 162,000 wakakubaliwa uraia. Ni nchi chache duniani zimewahi kufanya hivyo kwa wakimbizi wengi namna hiyo kwa mpigo.

Lakini likaongezwa sharti ambalo hawakuulizwa: wahame makazi wakasambazwe katika mikoa mingine. Mikoa haikuwa tayari, na watu hawakutaka kuacha mashamba waliyoyafungua wenyewe. Uraia ulikubaliwa 2010, vyeti vikaanza kutolewa Oktoba 2014, sharti likiwa limeachwa. Huko Louisville wapo Warundi wa 1972 wengi. Walioletwa Marekani kuanzia 2007 walitoka zaidi katika kambi za kaskazini magharibi, ila wana ndugu katika makazi yale. Mama mmoja aliniambia kaka yake alikaa miaka minne si Mrundi wala Mtanzania, hajui apande miti au asubiri lori. Sehemu ya mpango iliyotokana na kuuliza ilisimama. Iliyobuniwa mezani ndiyo iliyokwama.

Sasa kwa nini ofisa mwenye akili haandiki "hatujui"? Waliofanya kazi serikalini wanajua safari ya karatasi. Ofisa anaandika dokezo sabili, linapanda kwa mkurugenzi, linafika kwa Katibu Mkuu, halafu kwa waziri. Kila ngazi inapunguza shaka kidogo. "Huenda mvua zikashindwa" inakuwa "changamoto za hali ya hewa", halafu inakuwa "mradi utazingatia hali ya hewa". Hakuna aliyesema uongo. Waziri anapokea karatasi isiyo na hofu, na aliyekuwa na hofu yuko chini kabisa ya jalada.

Na sisi tulioko huku tusijitoe. Nami niliwahi kualikwa nyumbani kama mshauri, nikakaa wiki tatu, mbili kati yake hotelini Dar, nikaandika kurasa 60 za kujiamini. Nililipwa vizuri. Wakefield alikaa wiki tisa! Tofauti yetu na yeye ni kwamba sisi tunasalimia kwa Kiswahili.

Nilimwandikia mpwa wangu hivi: weka ukurasa mmoja mwanzoni. Uamuzi gani unaombwa, njia nyingine ni zipi, ikiwamo ya kutofanya kitu, nani aliuliza nani, wapi na lini, nini hatukijui, anayependekeza anafaidikaje, na dalili gani ikionekana mwaka wa kwanza tusimame. Akaenda kijijini siku nne kwa nauli yake. Wazee wakamwambia kuwa katika miaka kumi mvua huwatupa mitatu au minne. Akaiandika sentensi hiyo ukurasa wa kwanza, akitaja vijiji alikoipata.

Juzi amenipigia simu. Mkuu wake ameihamishia sentensi kwenye kiambatisho cha nane, eti inamchanganya mheshimiwa. Mpwa wangu ana watoto wawili na mkopo wa nyumba, bado hajathibitishwa kazini. Ananiuliza airudishe au aache. Mimi nina kazi ya kudumu na niko maili elfu nane, ni rahisi kwangu kumwambia airudishe. Sijamjibu. Kati yenu wapo waliowahi kushika majalada ya serikali. Yeye anasubiri, na waraka unapanda wiki ijayo. Mngemwambia nini?

Nawasilisha.