Mume wa Malkia na Ada za Uwanda wa Makonde

Msomaji aliyezoea zile hadithi ambamo mtu wa sharafu humwoa malkia mwenye enzi, kisha akaishi maisha yake yote ubavuni mwa kiti asichoruhusiwa kukikalia, huenda akastaajabu kuambiwa kwamba hali hiyo, ambayo watungaji huiona kuwa ajabu, ilikuwa ada ya siku zote kwa waume wengi wa Newala na Masasi, wala haikuhitaji taji wala kasri.

Kwani Wamakonde wa Newala, kama walivyo jirani zao Wamakua na Wayao wa Masasi, nasaba yao waliihesabu kwa upande wa mama: mtoto alikuwa wa litawa, yaani ukoo, wa mama yake, na mkulungwa, ambaye ndiye aliyekuwa na amri juu ya chirambo, yaani ardhi na watu walioishi juu yake, alipofariki hakurithiwa na mwana wa kumzaa bali na ndugu wa tumbo moja au mwana wa dada yake. Kijana aliyeposa alikwenda kulima shamba la wakwe zake, na aghalabu akajenga huko huko. Aliheshimiwa, lakini palipozuka shauri juu ya watoto, neno la mwisho lilikuwa la mjomba wao. Tusimsikitikie upesi, maana huyo huyo aliyekuwa mgeni kwa mkewe alikuwa mjomba mwenye amri kwa dada zake.

Pwani nako, mwishoni mwa karne ya 17, Unguja ilitawaliwa na Mwana Fatuma, ambaye mumewe, Abdallah, alikuwa mwenyewe mfalme wa Utondwe, ng'ambo ya pili, bara. Na Waomani walipoiteka Ngome ya Mombasa mwaka 1698, bibi huyo, kwa kuwa alisuhubiana na Wareno, alichukuliwa Maskati. Mwanawe Hassan ndiye aliyekuja kumrithi. Hata kwa sheria ya Newala Hassan angestahiki, kwa kuwa tumbo lililomzaa ni tumbo la enzi. Ila huko hapangekuwa na haja ya kuuliza baba yake alikuwa mfalme wa wapi.

Tukirejea uwanda wa Makonde, Mjerumani Karl Weule, aliyefika huko mwaka 1906, aliandika habari za asili ya Wamakonde kama zilivyosimuliwa: kwamba pale Mahuta, palipokuwa pori tupu, alitokea mwanamume asiyeoga wala kunyoa, akachonga mti mfano wa mtu, akausimamisha, na usiku ule mti ukawa mwanamke. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa mfu kando ya Ruvuma, wa pili hali kadhalika katika bonde la Mbwemkuru, na wa tatu, waliporejea juu Mahuta, akaishi. Mwanamke huyo wa mti ndiye mama wa kabila, ambaye kwa ukumbusho wake iliamriwa maiti wazikwe wima. Ama mume, aliyemchonga kwa mikono yake mwenyewe, hadithi haikumpa hata jina. Aliacha wasia tu: wanawe wasikae mabondeni wala karibu na mito mikubwa, penye maradhi, bali nyumba zao ziwe mbali na maji mwendo wa saa moja au zaidi. Wasia ukashikwa, na walioteremka genge alfajiri na mitungi mitupu, wakapanda nayo imejaa jua likiwachoma, walikuwa binti za yule mama.