NCHI JIRANI: MWENYE JENGO NA MLIPA ANKARA



Mwaka 2000 jirani zetu wa Kenya walionja adha ya giza. Ukame ulikuwa umepunguza maji katika mabwawa ya Mto Tana, likiwemo bwawa la Masinga lililokamilika mwaka 1981, na umeme ukagawiwa kwa zamu. Hapo ilidhihirika kwamba nishati inayopotea bure katika jengo la mtu mmoja ni upungufu kwa taifa zima.

Lakini ni nani wa kuzuia upotevu huo? Katika majengo ya biashara, mwenye jengo ndiye anunuaye mitambo, na mpangaji ndiye alipaye ankara. Mwenye jengo huchagua mtambo wa bei ndogo, kwani hasara yake haimfikii. Mpangaji naye hagharamii mtambo mpya katika nyumba isiyo yake. Kila mmoja humtazama mwenzake, na umeme unazidi kupotea.

Kenya iliamua kukata fundo hilo kwa sheria. Sheria ya Nishati ya mwaka 2006 iliweka msingi, na mwaka 2012 zikatoka kanuni. Jengo linalohitaji zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku lilitakiwa kupata angalau asilimia 60 ya maji hayo kwa nguvu za jua. Majengo ya zamani yalipewa miaka 5. Kanuni nyingine ziliagiza kwamba majengo na viwanda vinavyotumia zaidi ya kilowati-saa 180,000 kwa mwaka vikaguliwe kila miaka 3, na angalau nusu ya akiba iliyopendekezwa na wakaguzi ipatikane.

Muda wa maji moto ulikwisha mwaka 2017, na wenye majengo wengi walikuwa hawajatii. Mwaka 2018 Bunge likazifuta kanuni hizo. Zile za ukaguzi hazikuguswa na uamuzi huo.

Funzo liko wazi. Amri ya kununua mtambo haimalizi swali la nani abebe gharama. Ukaguzi huanza kwa kuhesabu, na hesabu humwonyesha kila mtu hasara yake.

Ndugu askari, kambini na kituoni hakuna fumbo hilo. Mwenye jengo ni umma, na mlipa ankara ni umma huo huo. Taa inayowaka mchana kutwa katika bweni tupu haina wa kusingiziwa. Kuizima ni sehemu ya ulinzi wa mali ya taifa.