Damu ya Asibi

Mwezi Juni 1927, katika mji mdogo wa Kpeve, ambao leo uko Mkoa wa Volta nchini Ghana, kijana wa miaka 28 alishikwa na homa. Haikuwa kali. Tarehe 30 Juni daktari A. F. Mahaffy alimtoa damu kidogo, na mgonjwa akapona. Kumbukumbu za kitabibu zimemhifadhi kwa jina moja tu: Asibi. Kutokana na damu ile ilipatikana, miaka 10 baadaye, chanjo ya homa ya manjano ambayo hadi leo huchomwa Mtanzania, Mkenya au Mganda anayejiandaa kwenda Accra.

Pwani ya Afrika Magharibi ilikuwa na sifa mbaya kwa wageni kwa muda mrefu. Waingereza waliiita Kaburi la Mzungu, na hawakuwa wakitia chumvi. Malaria ilianza kupata mpinzani mwaka 1854, pale William Balfour Baikie alipopanda Mto Niger na merikebu ya Pleiad huku watu wake wakinywa kwinini kila siku, kisha akarudi bila homa kumuua hata mmoja wao. Homa ya manjano haikuwa na kwinini yake. Mgonjwa aliyezidiwa alipata macho ya manjano, akatapika damu nyeusi, na mara nyingi akafa ndani ya wiki moja au mbili.

Aliyeieneza alikuwa amekwisha kujulikana. Carlos Finlay wa Havana alimtaja mbu tangu 1881, na mwaka 1900 madaktari wa jeshi la Marekani chini ya Walter Reed wakathibitisha kuwa alisema kweli. Lakini mbu huyo alibeba nini? Hapo ndipo wataalamu walipogombana. Hideyo Noguchi, Mjapani mwenye jina kubwa katika Taasisi ya Rockefeller mjini New York, alitangaza baada ya safari yake ya Ecuador mwaka 1918 kwamba chanzo ni bakteria fulani mwembamba aliyejikunja kama kizibuo. Akatengeneza hata chanjo, na watu wakachomwa.

Tume ya Rockefeller iliyopiga kambi Yaba, Lagos, mwaka 1925 ilimtafuta bakteria huyo kwa mgonjwa mmoja baada ya mwingine, isimwone. Tatizo lilizidi kwa sababu wanyama wa maabara waliokuwapo hawakuugua hata wakidungwa damu ya wagonjwa. Ndipo tume ilipoagiza nyani wa jamii ya rhesus kutoka Asia, bara ambalo homa hii haijawahi kutia mizizi. Damu ya Asibi ilipoingizwa kwa mmoja wao, alikufa. Ugonjwa ukahamishwa kutoka kwa nyani huyo hadi kwa mwenzake, kwa sindano na kwa kuumwa na mbu, na ukapita hata kwenye vichujio vinavyozuia bakteria. Kwa hiyo kilikuwa kirusi.

Adrian Stokes, daktari kutoka Ireland aliyeongoza majaribio hayo pamoja na Johannes Bauer na Paul Hudson, hakuwahi kuiona ripoti yao ikichapishwa. Aliambukizwa maabara na kufariki Lagos tarehe 19 Septemba 1927.

Noguchi hakukubali. Alifunga safari hadi Accra, akafika Novemba mwaka huohuo, akajifungia maabara na mamia ya nyani, akifanya kazi usiku kucha kutetea nadharia yake. Tarehe 21 Mei 1928 homa ya manjano ilimwua. Mwenzake, William Young, mkuu wa taasisi ya utafiti ya Accra, aliupasua mwili wake kuuchunguza, na siku chache baadaye naye akafa kwa ugonjwa uleule. Ndani ya miezi tisa, watafiti watatu walikuwa wameuawa na ugonjwa waliokuja kuuchunguza.

Msafiri anayefika Chuo Kikuu cha Ghana, Legon, atakuta taasisi kubwa ya utafiti wa tiba yenye jina la Noguchi, iliyoanzishwa 1979 kwa msaada wa Japani. Ni taasisi ya kuheshimika, na ujasiri wa mtu yule haukanushiki. Hata hivyo, ukweli ni kwamba juu ya homa ya manjano yeye ndiye aliyekosea, na damu ya mtu wa Kpeve ndiyo iliyoonyesha njia. Asibi alibaki kuwa jina la aina ya kirusi, likiandikwa kwenye vibandiko vya chupa za maabara za dunia nzima. Mwandishi huyu anaona mizani ya heshima hapo haikukaa sawa.

Kirusi hicho kilivuka bahari hadi New York, mikononi mwa Max Theiler, mzaliwa wa Pretoria. Theiler na wenzake walikiotesha katika tishu za viinitete vya panya, kisha vya kuku, wakikihamisha tena na tena zaidi ya mara 200 mpaka makali yake yakaisha bila kupoteza uwezo wa kuuamsha mwili ujikinge. Mwaka 1937 wakatangaza chanjo waliyoiita 17D. Mwaka 1951 Theiler akapewa Tuzo ya Nobel. Chanjo zinazotumika sasa zote ni uzao wa 17D, ikiwamo ile inayotengenezwa na Taasisi ya Pasteur ya Dakar, Senegal.

Afrika Mashariki nayo iliguswa. Mwaka 1936 Rockefeller walifungua kituo cha utafiti wa homa ya manjano Entebbe, Uganda. Ni watafiti wa kituo hicho, wakiwa wamemweka nyani msituni kuwa chambo cha homa ya manjano, waliokigundua kirusi cha Zika mwaka 1947.

Ndege ndizo zilizoleta cheti cha chanjo. Safari ya meli ilichukua wiki nyingi na mgonjwa alijulikana kabla ya kutia nanga. Kwa ndege mtu huweza kuambukizwa leo, akatua kesho akiwa bado mzima. India, yenye mbu tele wa aina hiyohiyo, ilikuwa na kila sababu ya kuogopa. Mkataba wa afya wa safari za anga ulitiwa saini The Hague mwaka 1933, na kutoka kwenye kanuni za namna hiyo ikazaliwa kadi ya njano inayothibitisha kuwa msafiri amechanjwa. Hofu haikuwa ya bure: mlipuko wa Angola wa 2016 ulifika Kenya kupitia wasafiri wawili, na Kinshasa chanjo zilipungua hata watu wakachomwa sehemu moja ya tano ya dozi.

Ghana huidai kadi hiyo kwa kila mgeni mwenye umri wa miezi tisa na zaidi. Anayekwenda kuchanja ataulizwa kama mayai humdhuru, na sasa sababu inajulikana: ni wale kuku wa Theiler. Mjamzito na mwenye kinga dhaifu wamwone daktari kwanza, kwa kuwa kirusi kilichomo ni hai. Ikumbukwe pia kuwa mbu wa homa ya manjano huuma mchana, hivyo chandarua pekee hakitoshi. Dawa ya kupaka na mikono mirefu vinahitajika. Chandarua kibaki kwa ajili ya mbu wa malaria, ugonjwa ambao mtu aliyekulia Nairobi au Arusha hana kinga ya kutosha dhidi yake. Na anayepanda kaskazini hadi Tamale wakati wa harmattan, upepo mkavu wa vumbi, aulizie chanjo ya homa ya uti wa mgongo.

Kadi huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo kuchanja siku ya kuondoka ni kujitafutia matatizo uwanjani. Tangu Julai 2016 ni halali maisha yote. Mwenye kadi ya zamani iliyoandikwa miaka 10 hana haja ya kuchomwa upya.