Kamera Juu ya Unguja

Mpendwa mwanafunzi, wewe usomaye huko Nengo, Gisenyi, jirani na Goma, yamkini sinema ya zamani ya Kiitalia waijua kwa wapanda farasi wenye bastola. Ipo aina nyingine, isiyotajwa sana, iliyopigwa katika nchi zetu.

Mwaka 1966 Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi walitoa *Africa Addio*, yaani Kwaheri Afrika. Mpiga picha wao alikuwa Antonio Climati, jina ambalo wachache hulikumbuka. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 walipita angani juu ya Unguja, wakanasa maiti zilizotapakaa ardhini. Ni nadra mno kupata picha jongefu nyingine za mauaji yale. Filamu yagusa pia mauaji ya Watutsi wa Rwanda.

Lakini msikilize msimulizi: aulilia ukoloni, na Afrika kwake ni mtoto aliyetelekezwa na Ulaya. Wanafunzi Waafrika waliipinga Berlin Magharibi mwaka uleule. Jacopetti mwenyewe alishtakiwa kwa mandhari ya watu kuuawa Kongo, akaachiwa huru.

Ukiipata, izime sauti kwanza, uitazame Unguja. Kisha iwashe, uandike kila neno ambalo picha hailithibitishi.