Kani Zungushi: Istilahi ya Anayechagua Mota

Mtu anayeunda meli kubwa ya mfano mara nyingi hutafuta mota iliyokwisha kutumika kwingine: ya skuta ya umeme, ya drili ya betri, ya waipa au ya feni ya gari. Swali lake la kwanza ni "ina nguvu kiasi gani?", na jibu huja kwa wati. Swali hilo ndilo linalompoteza. Neno nguvu hutumika kwa mambo ambayo fundi analazimika kuyatenganisha. Tunasema nguvu ya farasi tukimaanisha kazi inayofanyika kwa kila sekunde, nguvu ya mvutano tukimaanisha kinachovuta, na mtu akisema betri imeisha nguvu anazungumzia nishati. Juu ya hayo, wapo wanaoita "nguvu ya mzunguko" kile kinachofanya shafti igeuke hata maji yanapoipinga. Hicho cha mwisho ndicho kinachoamua kama mota itaifaa meli kubwa, nacho kinastahili jina lake chenyewe.

Napendekeza kani zungushi. Vitabu vya sayansi tayari vinatumia kani kwa kile kinachosukuma au kuvuta, na vinaitofautisha na nishati. Zungushi imetoka katika zungusha kama jumuishi ilivyotoka katika jumuisha tunaposema "elimu jumuishi", kwa hiyo sikio haliikatai. Kipimo chake ni kani mara urefu wa mkono unaozungusha: spana ya nusu mita ikivutwa kwa nyutoni 20 hutoa kani zungushi ya nyutoni-mita 10. Nguvu hupatikana kani hiyo inapozidishwa kwa kasi ya mzunguko, na ndiyo maana mota mbili za wati zilezile zinaweza kutofautiana sana. Ukichukua wati, ukazidisha kwa 9.55, kisha ukagawanya kwa mizunguko ya dakika moja, unapata nyutoni-mita. Mota ya skuta ya wati 250 inayozunguka mara 2,650 kwa dakika hutoa nyutoni-mita 0.9. Mota ndogo ya kasi ikitoa wati hizohizo kwa mizunguko 15,000, inatoa 0.16 tu.

Tofauti hiyo huonekana wazi ukitazama maji yanadai nini. Huko Port Revel, Ufaransa, tangu 1967 manahodha na marubani hujifunza kuendesha meli kubwa wakiwa wamekaa ndani ya meli za mfano zilizopunguzwa mara 25, zinazoendeshwa kwa mota za umeme. Tuchukue meli ya mafuta yenye injini ya kilowati 15,000 inayozungusha rafadha mara 90 kwa dakika. Kwa kipimo hicho cha 1:25, kanuni za mwendo wa meli majini hupunguza nguvu mara 78,125, ikabaki chini kidogo ya wati 200, huku shafti ikizunguka kwa kasi mara tano, yaani mara 450 kwa dakika. Wati 200 mtu anazipata hata katika drili. Lakini kani zungushi inayotakiwa ni nyutoni-mita 4. Mota ya kasi ikifungwa moja kwa moja kwenye rafadha hiyo haitafika popote, kwa sababu rafadha inayozungushwa kasi maradufu hudai kani zungushi mara nne. Mota inalemewa, inavuta ampea nyingi, na ampea zikiongezeka mara mbili joto kwenye koili huongezeka mara nne. Ile ya skuta, ikipunguzwa kasi kwa mkanda mara sita, inafika takriban mizunguko 440 na nyutoni-mita 5.4 kabla ya kutoa kinachopotea kwenye mkanda. Inatosha, na ziada inabaki.

Atakayepinga atasema kwamba gia hugeuza kasi kuwa kani zungushi, kwa hiyo wati zikitosha yaliyobaki ni hesabu ya meno. Hoja hiyo ni ya kweli, na isingefaa kuikwepa. Lakini mota ya drili ya mizunguko 15,000 itahitaji kupunguzwa zaidi ya mara 33, pamoja na kelele na msuguano wote wa gia hizo, tena ni mota iliyoundwa kutoboa kwa muda mfupi na kupumzika, ilhali ndani ya meli huzunguka bila kuacha. Na hiyo 33 yenyewe huwezi kujua kama inatosha mpaka uijue kani zungushi. Wati hubadilika hata mota ikiwa ileile: mota ya sumaku ya volti 24 ukiipa volti 12 inazunguka karibu nusu ya kasi yake, ilhali kwa kila ampea inatoa kani zungushi ileile.

Wengine watauliza kwa nini tusiseme torki tu. Sina ugomvi na neno la kukopa. Volti na ampea ni maneno yetu sasa. Ila neno ampea halikupata kuchanganywa na neno jingine la Kiswahili. Hapa mkanganyiko uko ndani ya neno nguvu lenyewe, na torki haiutatui, maana mwanafunzi ataelezwa kwamba torki ni "nguvu fulani" na kurudi palepale. Kani zungushi inamwambia papo hapo kwamba hii si nguvu.

Istilahi hii haimalizi kila swali. Mota ya feni ya gari huenda ina kani zungushi ya kutosha, lakini hupozwa na upepo wa feni yake, na ndani ya meli iliyofungwa upepo huo haupo. Mota ya mashine ya kufulia inayotumia umeme wa nyumbani isikaribishwe majini hata kidogo. Kwa zilizobaki, nawaomba walimu wa ufundi umeme waandike kani zungushi ubaoni kando ya wati, na wamfundishe mwanafunzi kuikokotoa kutokana na wati na mizunguko iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mota kabla hajatoa pesa.