Kibao cha Mbele na Gari la Spoti

Wenye magari ya spoti nchini Marekani wamelalamika kwa miaka mingi kwamba kibao cha namba cha mbele huharibu sura ya gari. Historia, hata hivyo, inaonyesha kuwa urembo haukuwa na nguvu mbele ya sheria. Gharama ndiyo iliyoilegeza. Uingereza ilipoanza kutekeleza sheria yake ya magari ya 1903, tarehe 1 Januari 1904, kila gari lilitakiwa kuonyesha namba mbele na nyuma, ili litambulike likija na likienda. Waundaji walitafuta namna ya kutii: Jaguar E-Type, lililozinduliwa 1961, mara nyingi lilibandikwa namba juu ya boneti, na Alfa Romeo ikakisogeza kibao pembeni. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, majimbo kadhaa ya Marekani yalitoa kibao kimoja ili kuokoa chuma. Ohio nayo ilikifuta cha mbele kuanzia 1 Julai 2020, kupitia sheria ya bajeti ya uchukuzi.

Atakayesema kibao cha nyuma kinatosha ana hoja, kwani majimbo mengi huishi nacho. Lakini shahidi aliyeliona gari likimjia hana cha kusoma, na hitaji hilo la 1904 halijazeeka.