Tanuri la Chuma Katikati ya Johannesburg

Johannesburg ikitajwa, aghalabu msikilizaji hukumbuka dhahabu ya mwaka 1886. Lakini wafua chuma waliutangulia mji huo. Mwaka 1963 Revil Mason wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand alichimba katika kilima cha Melville Koppies, akakuta tanuri la kuyeyushia chuma. Kilimani hapo zimo pia zana za mawe za watu wa kale zaidi.

Jambo hilo halikuwa dogo. Shule za zama za ubaguzi zilisomesha kwamba Waafrika wenye lugha za Kibantu na Wazungu walifika nchi hiyo karibu wakati mmoja, wakaikuta tupu. Tanuri ni shahidi mgumu kunyamazishwa, maana huacha makaa na mavi ya chuma, na makaa hupimwa umri wake.

Kusini ya mji, Klipriviersberg, kuta za mawe za maboma ya Watswana zingali zaonekana. Na huko Suikerbosrand, Karim Sadr wa chuo hicho hicho aliutambua mji wa Kweneng, uliofichwa na vichaka, kwa miale ya leza iliyopimwa kutoka angani.

Sisi wa pwani tunaijua dhulma hii. Majengo yetu nayo yalihesabiwa kazi ya wageni, mpaka Mark Horton alipochimba Shanga, kisiwani Pate, katika miaka ya 1980. Chini ya msikiti wa mawe alikuta misikiti mingine, na wa chini kabisa ulikuwa wa miti.